Abiria

Miaka thelathini na mmoja nimeutazama mlima huu
kupitia kioo cha basi la posta,
vipangusio vikiufuta, vikiurudisha.
Niliujua kama unavyomjua jirani wa ghorofa ya juu:
kwa vishindo vyake, kwa maji yanayovuja,
bila kuwahi kubisha hodi.

Leo nimebisha. Saa nane ya usiku,
taa kipajini, meno ya chuma chini ya viatu,
wa pili kwenye kamba ya watu watano,
mahali wanapowekwa watoto na wazee.
Nyuma yangu daktari wa meno kutoka Basel
anapumua kama soda iliyofunguliwa ghafla;
nyuma yake Mholanzi na mkewe
wanahesabu hatua kwa kunong'ona,
wakikosana kwenye mia tatu, wakianza upya.
Mbele yetu sote, Seraina.

Seraina, binti wa Duri seremala,
aliyepanda basi langu kwenda shule
na pengo la meno mawili,
na kila kona ya tatu nilimkemea kwenye kioo:
Kaa chini, mtoto. Shika chuma.

Sasa yeye ndiye anayegeuka.
"Mzee Jachen, usiilegeze kamba."
Hapazi sauti,
kana kwamba kuna mgonjwa amelala chini yetu.

Barafuto hailali. Inaguna.
Humeza jiwe leo, ikalicheua kizazi kijacho.
Kamba, husemwa, hukatikia pembamba;
nikajikagua gizani:
goti la kushoto, moyo, miaka sitini na sita.
Pembamba nikapajua.

Daraja la theluji halikuvunjika kwa kelele.
Lilisema *fu*, kama mtu anayezima mshumaa,
nami nikawa kiwiliwili tu, na mikono,
miguu ikipiga mateke ndani ya buluu.
Hakuna aliyeniambia kuna buluu humo.
Buluu ya chupa ya dawa,
ya mshipa kwenye mkono wa mama yangu
siku zile za mwisho.
Baridi ilinipanda suruali taratibu, kama mkaguzi wa tiketi.

Kamba ikakaza. Kule mbele alikuwa ameshakaa,
visigino vimezama, shoka limezama,
uzito wangu wote nyongani mwake.
"Tulia," alisema. "Shika chuma."

Nilicheka. Daktari wa meno alidhani nalia.
Huenda alikuwa sahihi; vinywa ndiyo kazi yake.

Kibanda walikijenga kwenye ukingo wa barafu.
Barafu imeshuka, kibanda kimebaki juu,
na ngazi ya chuma inaifuata barafu chini.
Kila kiangazi Gian-Andri huongeza kipande,
na pembeni, mwambani, huandika mwaka kwa rangi nyekundu.
Kwa hiyo nilipanda kuelekea ujana wangu
huku nikiishiwa pumzi:
mwaka niliostaafu; vidato kumi na vinne;
mwaka Braida alipofariki (hapo nilipumzika,
nikajifanya nafunga kamba ya kiatu);
kisha vidato vingi visivyo na habari;
na karibu na mlango, rangi imefifia,
mwaka nilipokabidhiwa funguo za basi.
Wakati huo mtu angetoka kitandani
akakanyaga barafu kwa soksi.

Gian-Andri hakuuliza suruali imelowa wapi.
Alinitilia supu ya shayiri,
akaongeza kipande cha nyama, hakukiandika kwenye bili.
Seraina aliianika kamba juu ya jiko,
akiipapasa kwa vidole, pima kwa pima,
macho yake yakiwa dirishani.

Nikatoka nje na bakuli langu.
Chini kabisa, barabara, uzi uliodondoka;
juu yake punje moja ya hindi, ya njano, ikitambaa.
Nikatazama saa. Kona ya tatu.
Amechelewa dakika nne, kijana huyo.

Nikamwacha achelewe.
Supu ilikuwa bado ya moto.